Pale a Inapokuwa Sifuri

Kosa langu la kwanza Birmingham lilikuwa kuamini kila jibu lililotoka mwisho wa hesabu. Ilikuwa Septemba 2004, nina miaka kumi na saba, wiki ya kwanza katika chuo cha vijana wanaojiandaa kwa chuo kikuu, na nilipewa mtihani wa kupangiwa darasa. Ndani yake kulikuwa na mlinganyo mfupi: √(x + 6) = x. Nilifanya nilivyozoea. Niliondoa kipeuo cha pili kwa kuzidisha kila upande kwa nafsi yake, nikapata majibu mawili, tatu na hasi mbili, nikayapigia mstari kwa rula, nikaona kazi imependeza. Sikurudi kuyajaribu. Ukiweka tatu, kipeuo cha pili cha tisa ni tatu, mambo yako sawa. Ukiweka hasi mbili, kipeuo cha pili cha nne ni mbili, si hasi mbili. Jibu hilo ni la uongo. Limezaliwa na ule uzidishaji wenyewe, kwa sababu namba ikizidishwa kwa nafsi yake alama ya hasi inapotea, na usiporudi mwanzo kuuliza hutajua nani ameingia ndani bila kualikwa. Bwana Whitlock, mkuu wa somo la hesabu pale chuoni, aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mmoja kati ya hawa anakudanganya." Halafu akaniweka darasa la chini.

Haya yote yalinirudia mwezi uliopita, tulipomsomea hitima Shangazi Zuhura katika nyumba yake ya Aston, nyumba niliyokaa mwaka ule. Sebule ni ndogo kuliko ninavyoikumbuka. Zulia limebadilishwa, lakini hita chini ya dirisha ni ile ile, na bado imetundikwa soksi za mtu. Wanaume tulikaa chini tumeegemea kuta, kila mmoja na juzuu yake mkononi, na jikoni wanawake walikuwa wanasoma zao huku pilau ikinukia mpaka barabarani. Tulipomaliza, maalim alisafisha koo ili aanze dua. Hapo akatokea Salma mlangoni, binti wa marehemu, kisanduku cha juzuu amekishika mikono miwili, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Maalim, nisamehe. Ngoja kwanza nihakikishe zote zimerudi." Watu wakatazama mapajani mwao. Mwaka ule Salma alikuwa na miaka kumi na minne na hakujibu Kiswahili hata akipigiwa magoti. Mama yake alikuwa akimtuma aniite, "Salma, kamwite Idi aje kula," naye anapanda ngazi akipiga kelele, "Idi! Food!"

Nyumba ile ilikuwa moja katika safu ya nyumba zilizobanana, mtaa mmoja na uwanja wa mpira. Jumamosi za mechi magari ya wageni yalijaa mpaka mlangoni kwetu, na ukikaa sebuleni ungejua matokeo kabla ya redio. Ghorofani kulikuwa na chumba cha Shangazi na Salma, na chumba cha nyuma nilichochangia na Abdi, mpangaji, Msomali aliyekulia Nairobi akapitia Uholanzi kabla ya kufika kwetu. Abdi alifanya kazi ghalani zamu za usiku na kulala mchana, kwa hiyo meza yangu ya kusomea ilikuwa ile ya sebuleni, kati ya cherehani ya Shangazi na hita. Nilikuwa na penseli mbili na ufutio. Ufutio ndio uliofanya kazi zaidi. Baada ya yale maneno mekundu ya Bwana Whitlock nilishikwa na ugonjwa wa kukagua. Nilijaribu kila jibu, nikajaribu jaribio lenyewe, nikafuta mstari uliokuwa sahihi kwa sababu tu ulikuwa umepinda, nikauandika upya, nikaufuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Shangazi alikuwa akipangusa vumbi la ufutio mezani kwa kiganja kabla ya kuweka chakula. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "hesabu zako zinatoa makombo mengi kuliko mkate."

Nieleze kilichokuwa kinanikosesha usingizi, kwa sababu bila hicho mtu ataona nilihangaika bure. Nilitaka kusoma hesabu chuo kikuu, si kitu kingine. Ili upokelewe ulihitaji somo la hesabu za juu, na somo hilo lilifundishwa darasa la juu peke yake. Kutoka darasa la chini kulikuwa na njia moja tu. Kila mwaka Bwana Whitlock alitoa jaribio la kuchagua wanafunzi wanne wa kuwakilisha chuo katika mashindano ya hesabu ya mkoa, na anayeingia katika wanne hao alihamishwa darasa la juu. Jaribio lilikuwa wazi kwa kila mtu. Alitutangazia darasani huku akitazama dirisha. "Hata ninyi mnaweza kujaribu," alisema. Sijawahi kusahau lile "hata".

Basi nikajifundisha. Darasani tulikuwa tunarudia mambo niliyoyajua kabla sijapanda ndege, na Kiingereza changu kilikuwa kizito, nikiuliza swali darasa zima linageuka. Nikahamia maktaba ya mtaa. Juu ya rafu ya hesabu kulikuwa na kitabu cheusi cha maswali ya mashindano ya zamani, majibu nyuma yamefupishwa mno, kana kwamba mwandishi alikuwa anawahi basi. Humo ndimo nilipokutana na milinganyo yenye parameta, yaani yenye herufi ya pili. Mbali na x unayoitafuta kuna a, namba ambayo hujaambiwa ni ngapi lakini unatakiwa uichukulie kana kwamba umeambiwa. Kazi yako ni kusema: a ikiwa hivi, x ni hivi, a ikiwa vile, hakuna x. Na jibu halijakamilika mpaka umeipitia kila a inayowezekana. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi alitengenezewa maswali hayo, au alitengenezewa kuteswa nayo, bado sijaamua. Nilimweleza Abdi jioni moja akinywa chai kabla ya kwenda kazini.

"Sasa hii a ni ngapi?" aliuliza.

"Yoyote."

"Yoyote aje? Kwani mwalimu hajui?"

"Anajua. Anataka niseme kwa zote."

Abdi alitazama karatasi, akatazama mandazi yake, akachagua mandazi. "Wacha jokes, msee. Supervisor akiniuliza kreti ni ngapi nikisema 'yoyote', nafutwa hapo hapo."

Salma alicheka mpaka chai ikampalia. Nami nilicheka, halafu nikarudi kufuta.

Februari alifariki mama yake rafiki mmoja wa Shangazi, huko Unguja, na Shangazi akajitolea hitima isomwe kwake. Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri. Wasiojua wajue kwamba Qurani inagawanywa juzuu thelathini, kila moja kijitabu chake, watu wanagawana na kusoma kwa wakati mmoja, wa mwisho anaweza kuwa amemaliza kabla ya wa kwanza, na zikisomwa zote hitima imetimia. Katika nyumba ya Shangazi kulikuwa na desturi moja zaidi. Ukimaliza unarudisha juzuu kisandukuni, na kabla ya dua yeye mwenyewe anakagua kisanduku. Siku ile maalim alikuwa ameshainua mikono Shangazi aliposema kutoka mlangoni, "Maalim, tusubiri. Moja haijarudi."

Maalim alishusha mikono nusu. "Bi Zuhura, watu wana shughuli zao. Mungu anaona nia."

"Mungu anaona nia, na mimi naona kisanduku. Kina nafasi."

"Ni moja tu, dada yangu," alisema mzee mmoja aliyekaa karibu na jikoni kwa makusudi. "Pilau inapoa."

"Pilau nitaipasha. Hitima haipashwi."

Hakupaza sauti. Alisimama pale na kisanduku chake, kanga ya kichwa imemlegea kidogo, na wanaume wote wale, wengine warefu wa kugusa taa, wakaanza kuinua mito na kutazama nyuma ya makochi. Juzuu ilipatikana kwenye rafu iliyo juu ya makoti ukumbini, mtu aliiweka pale akatoka kupokea simu akasahau. Haikuwa imesomwa. Shangazi aliipangusa kwa ncha ya kanga, akapita katikati ya watu, akanipa mimi.

"Soma, Idi."

"Shangazi, mimi?"

"Wewe. Mbona unasita? Kwani hawa wamekula mtu?"

"Bado," alinong'ona Abdi pembeni yangu. "Lakini tuko karibu."

Nilisoma juzuu nzima watu wananitazama mdomoni. Nilipokosea irabu maalim alinisahihisha nikaendelea, na hakuna paa lililoanguka. Jioni nikimsaidia Shangazi kusugua sufuria nilimuuliza kwa nini hakuwaachia tu, wageni walikuwa wameanza kununa. Aliendelea kusugua. "Wanune," alisema. "Niliwaita kwa hitima, sikuwaita kwa karibu na hitima."

Jaribio lilifanyika Machi, katika ukumbi wa michezo wenye harufu ya raba na viatu. Maswali manne ya mwanzo niliyapita bila kishindo. La tano, la mwisho, lilikuwa hili: tafuta x kwa kila a, ikiwa √(a − √(a + x)) = x. Kipeuo ndani ya kipeuo, na parameta ndani ya vyote viwili. Nilizidisha kila upande kwa nafsi yake mara moja, nikahamisha, nikazidisha tena, na hapo x ikawa ya kipeo cha nne. Milinganyo ya kipeo cha nne si ya kuchezea. Nilijaribu kuigawanya, nikafuta. Nikajaribu tena, nikafuta. Karatasi ilianza kuwa nyembamba pale katikati, nikaona tayari uso wa Bwana Whitlock akitazama dirisha. Halafu nikakumbuka jambo nililoliona katika kile kitabu cheusi, limeandikwa kwa mstari mmoja bila maelezo. x ilikuwa ya kipeo cha nne, lakini a ilikuwa ya kipeo cha pili tu. Nani kasema lazima nitafute x? Nikageuza mambo. Nikaichukulia x kana kwamba ndiyo niliyopewa, na a ndiyo inayotafutwa. Mlinganyo ule mkubwa ukawa mlinganyo wa kawaida ambao hata darasa letu la "hata ninyi" tuliufanya kila wiki. Kilichokuwa chini ya kipeuo katika kanuni yake kikatoka mraba kamili, 2x + 1 mara 2x + 1, nikakaribia kupiga kelele. Zikabaki njia mbili: ama a ni x² + x + 1, ama a ni x² − x.

Sasa kukagua. Kipeuo cha pili hakitoi hasi, kwa hiyo x haiwezi kuwa chini ya sifuri, na a kutoa x² nayo haiwezi. Njia ya kwanza ilipita salama: kila a kuanzia moja kwenda juu ina x yake moja. Njia ya pili ilidai kwamba hasi x isiwe chini ya sifuri. x isiwe chini ya sifuri, na hasi x pia isiwe chini ya sifuri. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuikata njia nzima kwa mstari, kwa sababu ukitazama haraka unaona hakuna namba ya namna hiyo. Nikauzuia mkono. Ipo moja. Sifuri. x ikiwa sifuri, a nayo ni sifuri, na ukirudisha mwanzoni, √(0 − √(0 + 0)) ni sifuri. Inakubali. Jibu moja peke yake, mbali na wenzake wote, halina jirani kushoto wala kulia. Niliona kisanduku chenye nafasi. Nikaandika: a ikiwa sifuri, x ni sifuri, a ikiwa moja au zaidi, x ni (−1 + √(4a − 3)) gawanya kwa mbili, kwingine kote hakuna jibu. Sikufuta kitu.

Matokeo yalibandikwa mlangoni. Nilikuwa wa tano, nimezidiwa alama moja na wa nne. Karatasi yangu iliporudi, ule mstari wa sifuri ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu na pembeni imeandikwa: "Hapana." Nilikaa nayo mezani nyumbani, kati ya cherehani na hita, na nitakiri jambo ambalo sikumwambia mtu mwaka ule: kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua ufutio. Nilijua niko sahihi. Nilikuwa nimejaribu. Na bado nilitaka kuufuta ule mstari, ili karatasi yangu na karatasi yake zifanane na nisiwe na haja ya kuongea na mtu.

Salma alininyang'anya karatasi. "So is it right or not?"

"Ni sahihi."

"Then go and tell him."

"Atasema ni kitu kidogo."

Shangazi alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua macho. "Kidogo, au hakipo?"

"Kipo, shangazi."

"Basi."

Abdi alishuka ngazi akiwa amevaa koti la kazini akasikia mwisho tu wa maneno, akaiona ile sifuri iliyokatwa kwenye karatasi mkononi mwa Salma. "Msee, usipoenda kesho," alisema, "kuanzia leo jina lako ni Sifuri. Nitakuita hivyo hata siku ya harusi yako."

Kesho yake nilimkuta Bwana Whitlock peke yake darasani, anakula tufaha. Nilimwambia swali la tano limesahihishwa vibaya. Alitoa karatasi yake ya majibu, akaniwekea kidole: a kuanzia moja kwenda juu, basi.

"Hilo ndilo jibu," alisema. "Nimelitumia miaka mingi."

"Basi kwa miaka mingi limepungua moja."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi niliyekuwa nakaa nyuma na kuomba ruhusa ya kukohoa. Alishusha tufaha.

"Hiyo sifuri ni kitu kidogo, kijana. Haina maana yoyote."

"Swali limesema kila a, Bwana. Halikusema kila a yenye maana. Weka sifuri."

"Sina haja ya kuweka—"

"Weka sifuri."

Hakuiweka. Nikachukua kalamu ya ubao mwenyewe, nikaandika mlinganyo kwa herufi kubwa zilizopinda, nikaweka sifuri pale pa a na sifuri pale pa x, mstari kwa mstari, mpaka upande wa kushoto ukawa sifuri na wa kulia sifuri. Kisha nikaweka kalamu chini. Kuacha ilivyo ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, kila kiungo changu kilitaka kuomba radhi. Alitazama ubao muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Safari hii hakutazama dirisha.

"Orodha ya timu imeshapelekwa," alisema mwishowe. "Naweza kukuweka mchezaji wa akiba."

"Sitaki akiba. Nataka darasa la juu."

"Darasa la juu ni la walioingia wanne."

"Kwa karatasi iliyosahihishwa vizuri ningekuwa wa ngapi?"

Alikuwa mwalimu wa hesabu, nami nilikuwa nimemuuliza swali la hesabu. Alivuta pumzi, akarudisha alama zangu mbili kwa ule ule wino mwekundu, akasema, "Jumatatu, chumba cha juu. Na uje na kalamu. Hii penseli yako haisomeki."

Sikumshukuru. Nimewahi kuambiwa na watu wenye adabu kuliko mimi kwamba nilipaswa kumshukuru, kwamba mtu mzima kukubali kosa mbele ya kijana si jambo dogo. Huenda. Lakini kilichokuwa changu alikuwa amekikata yeye, na kunirudishia hakukuwa zawadi. Timu ilienda mashindanoni bila mimi ikarudi bila tuzo, na nikisema sikufurahi hata kidogo nitakuwa nimeandika jibu la uongo. Jumatatu nilikaa mstari wa mbele chumba cha juu. Jioni Shangazi alipika ndizi kwa nyama, akaniwekea mfupa mkubwa. Abdi ndiye aliyetoa hotuba. "Sifuri amepanda cheo," alitangaza, akanipokonya mfupa.

Mwezi uliopita, Salma alipokagua kisanduku cha mama yake, juzuu zote zilikuwa zimerudi. Alihakikisha hata hivyo, moja moja, maalim akingoja na pilau ikingoja, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Abdi, kichwa sasa kimejaa mvi, alinigusa kwa kiwiko. Salma alifunga kifuniko, akasema, "Zimetimia," ndipo tukainua mikono.

Bado nina wasiwasi. Bado nakagua mlango baada ya kuufunga na barua kabla ya kuituma, na wanafunzi ninaowafundisha hesabu sasa wananicheka kwa hilo. Lakini naandika kwa wino, na jibu nililolijaribu likakubali silifuti kwa sababu mtu ameliona dogo.